Mazoezi ya nyumbani kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo: pa kuanzia

Kila Alhamisi tukitandika mikeka yetu huku Igoma, Mwanza, hakosekani mama mgeni. Anakaa pembeni, mtoto mgongoni, kitenge kimefungwa mpaka shingoni. Akishazoea anauliza yaleyale waliyouliza wenzake wa wiki iliyopita. Atatembea? Nimfanyie mazoezi gani? Mara ngapi kwa siku? Nimkande na mafuta gani? Nimeyajibu mpaka koo limekauka, sasa nimeona niyaandike.

Mimi si daktari. Ni mama wa kijana wa miaka 11 mwenye mtindio wa ubongo, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishika mikono ya akina mama wengine pale wataalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) wanapowaelekeza. Niliyoandika hapa ni yale niliyofundishwa, nikayafanya nyumbani, nikakosea, nikasahihishwa.

Swali la mazoezi nalijibu hivi, na wengi hawalipendi jibu langu: zoezi kubwa ni namna unavyombeba, unavyomlaza, unavyomkalisha na unavyomlisha. Ukimnyoosha nusu saa asubuhi, halafu akashinda chali kitandani mpaka magharibi, ile nusu saa imepotea bure.

Mwongozo huu unamfaa nani

Unamfaa mtoto ambaye daktari amesema ana mtindio wa ubongo, au anayemshuku. Ubongo wake uliumia ukiwa bado unakua: tumboni, wakati wa kuzaliwa kwa kukosa hewa, au baadaye kwa manjano kali, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo. Jeraha lenyewe haliongezeki. Kinachoharibika taratibu ni misuli na viungo vinavyokaa vibaya siku baada ya siku, na hapo ndipo mikono yako ina kazi.

Kama bado hujaenda hospitali, dalili za kukupeleka ni hizi: miezi 4 imepita na shingo haijakaza, ngumi zimefungwa muda wote, miguu inapishana kama mkasi ukimwinua, miezi 9 imefika hawezi kukaa, au kabla ya mwaka mmoja anatumia mkono mmoja tu. Watoto wetu hawazaliwi na "mkono wao" uliokwisha kuamuliwa, huo huonekana baadaye. Mama mmoja alimsifia mwanawe kuwa ni mashoto tangu miezi sita, kumbe upande wa kulia haukuwa na nguvu.

Mtoto ambaye kichwa kinakua haraka kupita kiasi, au aliyezaliwa na mgongo wazi, au na mguu uliopinda kwa ndani, huyo asingoje mwongozo wowote. Nenda naye hospitali wiki hii. Mguu uliopinda hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, na ukianza mapema kazi huwa nyepesi. Kuukanda na mafuta hakusaidii kitu.

Kabla hujaanza

Kwanza pata macho ya mtaalamu. Anzia zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa ya kwenda Sekou Toure, hospitali yetu ya mkoa, au Bugando, ya kanda. Kwa utaratibu wa serikali, mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo katika vituo vyake, kwa hiyo usisahau kadi ya kliniki. Wa Ukerewe panga siku mbili, maana ukishuka kutoka kwenye meli ya Nansio foleni ya asubuhi imeshakupita. Wa Sengerema mna nafuu, daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea kusubiri kivuko.

Usitoke kwa daktari kabla hujauliza mambo manne: Ana kifafa? Nyonga zake ziko mahali pake, au apigwe picha? Anaona na kusikia vizuri? Anameza salama? Mimi niliambiwa na mtu mmoja mwenye koti jeupe, "Huyu ndivyo alivyo, kamlee tu," nikaondoka sijauliza hata moja. Nikapoteza karibu miaka miwili. Wewe yaandike kwenye karatasi, uyasome mbele yake.

Vitu vya kuwa navyo nyumbani havina gharama kubwa:

- Mkeka, na kipande cha godoro jembamba kama unacho.
- Vitenge au khanga tatu nne zilizochakaa, za kukunja.
- Besen la kuogea linalomtosha mtoto.
- Kijiko kidogo cha chuma, chenye ncha butu na kisicho na kina kirefu. Cha plastiki akiking'ata kinaweza kukatikia mdomoni.
- Maboksi magumu ya friji au televisheni. Waombe wenye maduka mjini, wengi huyatupa.
- Daftari.
- Vya kuchezea: vifuniko vya chupa ndani ya kopo, kijiko na sufuria, maboya ya nyavu. Boya dogo la povu ukilipata Mwaloni kule Kirumba linakaa vizuri kwenye kiganja. Lioshe kwa sabuni, na hakikisha ni kubwa kiasi asiweze kulimeza na halimeguki.

Kitu cha mwisho hakiuzwi: mtu wa pili. Bibi, baba, dada yake mkubwa, yeyote. Mfundishe kila hatua unayojifunza wewe, maana siku utakapougua malaria mtoto ataendelea kuhitaji kulishwa.

Hatua ya 1: Mwangalie siku tatu

Usibadilishe chochote. Andika tu: anakaza lini, analegea lini, anageukia upande gani, mlo mmoja unachukua dakika ngapi, choo anapata baada ya siku ngapi. Mwanangu aligeuza kichwa kulia siku zote na shingo ikaanza kukazia huko. Nilidhani ni ugonjwa. Daftari likanionyesha kuwa mlango uko kulia, mwanga unatoka kulia, na sote tunaingilia kulia. Tukageuza godoro, miguu ikawa kulipokuwa na kichwa, naye akaanza kutafuta mwanga upande wa pili. Hilo zoezi halikunigharimu hata shilingi.

Hatua ya 2: Mlegeze kwanza

Misuli iliyokaza hainyooshwi kwa nguvu. Mwogeshe kwenye besen lenye maji ya uvuguvugu, dakika kama kumi, mkono wako mmoja ukishika nyuma ya mabega yake muda wote. Pima joto la maji kwa kiwiko. Sauti yako iwe ya chini, redio izimwe. Mtoto wa namna hii akishtuka mwili mzima hukakamaa, na itakuchukua muda kumrudisha.

Onyo kwa tunaoishi kandokando ya ziwa: usimpeleke kwenye maji ya ziwani ukidhani ni bwawa la bure la mazoezi. Kichocho kipo, na vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi mtu akiwa majini tu, hata asipoyanywa. Besen linatosha.

Mafuta? Yoyote usiyo na shida nayo, ili mkono usimkwaruze. Hayatibu. Ya alizeti ya jikoni na yale ya chupa ya bei kubwa yanafanya kazi moja.

Hatua ya 3: Mbebe akiwa amekunjika

Mtoto anayejinyoosha kwa nyuma kama upinde, ukimwinua kwa makwapa atajinyoosha zaidi. Mgeuze kwanza ubavu, kunja nyonga na magoti, ndipo umwinue akiwa kama ameketi hewani. Miguu ikipishana, usiivute kwa vifundo. Kunja magoti kwanza, shika mapaja, tenganisha taratibu. Fanya hivyohivyo ukimvalisha suruali au ukimbadilisha nepi.

Kumbe bibi zetu walikuwa watabibu bila kujua. Kubeba mgongoni kwa kitenge, miguu ikiwa imepanuka kuzunguka kiuno chako, ni mkao mzuri sana kwa mtoto mwenye miguu ya mkasi. Hakikisha tu mapaja yote mawili yamepanuka sawa, mgongo umeshikiliwa na kitenge, na pua haijazibwa.

Hatua ya 4: Badili mlalo

Asikae kwenye mkao mmoja siku nzima. Akiwa macho, badilisha kila nusu saa au zaidi kidogo, ukizungusha kati ya hii:

Ubavu. Kitenge kilichokunjwa nyuma ya mgongo, kingine kati ya magoti, mguu wa juu umekunjwa. Mikono inakutana mbele ya macho yake, na mara nyingi hapo ndipo mtoto anapogundua kuwa ana mikono. Weka boya au kopo lenye vifuniko karibu. Leo ubavu wa kulia, baadaye wa kushoto.

Tumbo. Kunja kitenge kiwe roli nene kama mkono wako, kiweke chini ya kifua, mikono yake ikae mbele ya roli. Lala chini uso wako utazamane na wake, umwite. Anza na dakika mbili, hata moja. Akichoka kichwa kitaanguka, mwondoe kabla hajalia. Usimwache peke yake akiwa kifudifudi, na usimlaze hivyo mara baada ya kula.

Chali mlaze kidogo tu, kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo na mto chini ya magoti.

Hatua ya 5: Nyoosha, usivute

Hapa ndipo watu wanapoumiza watoto. Nimeona mama akisukuma goti la mwanawe kwa uzito wa mwili wake wote huku mtoto anapiga yowe, naye anasema "ndiyo tiba ilivyo." Sivyo ilivyo. Ukivuta ghafla, msuli unajibu kwa kukaza zaidi.

Kanuni ni moja: peleka polepole hadi msuli unapokataa, simama hapo hapo, hesabu polepole hadi 20 au 30, rudisha polepole. Mara tatu mpaka tano kila kiungo. Usidundedunde.

*Kifundo cha mguu.* Weka kisigino ndani ya kiganja chako, unyayo uegemee kwenye mkono wako kuelekea kiwiko. Goti liwe limenyooka. Vuta kisigino chini huku mkono wako ukisukuma unyayo kuelekea kwake. Kosa la kawaida ni kusukuma vidole: unyayo unakunjika katikati, na msuli wa nyuma haunyooki hata kidogo.

*Mapaja.* Akiwa chali na magoti yamekunjwa, mikono yako ikae juu kidogo ya magoti, fungua kama kitabu. Upande mmoja ukikataa kuliko mwingine, mguu mmoja ukionekana mfupi, au akilia kila ukifungua, acha na urudi hospitali nyonga ziangaliwe. Nyonga huweza kutoka mahali pake taratibu bila mtu kujua.

*Kiganja.* Usikifungue kwa kuvuta ncha za vidole wala ncha ya gumba. Kunja kwanza kifundo cha mkono kuelekea ndani, vidole vitalegea vyenyewe. Kisha toa gumba kutoka kwenye shina lake, halafu fungua vidole. Kikishafunguka, kipe kazi: kishike kitambaa, uso wako, ugali. Kiganja kilichofunguliwa bila kazi kitajifunga tena.

Kuna mtoto asiyekaza bali amelegea kama kitambaa kilicholowa. Huyo hahitaji kunyooshwa, viungo vyake vimeshanyooka kupita kiasi. Yeye mzidishie hatua ya 4, ya 6 na ya 8.

Hatua ya 6: Mkalishe sawasawa

Ningekuwa na nafasi ya kufundisha hatua moja tu, ningefundisha hii. Mtoto aliyeketi vizuri anaona watu, anakula salama, anacheza, na wageni wanamsemesha badala ya kumsemea. Aliyelazwa chumbani husahauliwa hata na wanaompenda.

Mkao unaoutaka: makalio yameingia hadi mwisho wa kiti, nyonga zimekunjwa, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga kitu kigumu, mikono iko juu ya meza inayofika viwiko. Shikilia kwanza makalio. Yakiteleza, huko juu utapoteza muda wako kwa mito.

Besen lililojazwa nguo wengi tumelitumia. Kwa siku mbili tatu sawa, lakini linaupinda mgongo. Tengeneza kiti cha kona:

1. Pika gundi: kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vikombe vinne vya maji, koroga mpaka iwe kama uji mzito. Iache ipoe.
2. Kata maboksi vipande vya ukubwa mmoja. Bandika tabaka tano au sita, mistari ya ndani ya boksi ikipishana: tabaka moja wima, linalofuata mlalo. Hapa pakikosewa, kiti kitakunjika.
3. Weka jiwe bapa juu (Mwanza hatuna uhaba wa mawe) usiku mzima, kisha anika juani siku mbili au zaidi. Ndani pakibaki unyevu patafanya ukungu.
4. Simamisha kuta mbili zikutane kama kona ya chumba, chini weka kikalio. Ukuta ufike masikioni kama shingo haijakaza, mabegani kama imekaza. Kona inaleta mabega mbele, na hilo linamsaidia anayejinyoosha nyuma.
5. Pima urefu wa kikalio: toka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, toa upana wa vidole viwili.
6. Mbele, katikati ya mapaja, gundisha kipande kinene cha kutenganisha miguu. Kifunike kitambaa.
7. Maungio yote yabandike karatasi juu ya karatasi, halafu paka rangi ya mafuta. Bila rangi, mkojo na mende watakimaliza.

Kama huwezi leo, tumia kona ya nyumba yenyewe, kitenge nyuma yake, mkaja wa khanga kiunoni. Akiketi chini na miguu imenyooshwa mgongo ukawa unapinda na makalio yanateleza, misuli ya nyuma ya mapaja imekaza. Mpandishe kwenye kigoda, magoti yakunjike, utaona mgongo umesimama.

Usisukume kisogo ili alete kichwa mbele. Ataegemea mkono wako na kusukuma nyuma. Weka mikono mabegani, yalete mbele, kichwa kitafuata. Na usimzidishie: dakika 20 hadi 30, mpumzishe, umrudishe. Ukimtoa, angalia ngozi ya makalio na mgongo. Wekundu usiopotea baada ya muda mfupi ni mwanzo wa kidonda.

Hatua ya 7: Mlishe bila kumpalia

Nilimlisha mwanangu amelala mapajani, kichwa kimening'inia nyuma, uji unamiminika wenyewe. Niliona unaenda haraka, nikafurahi. Alilazwa kwa nimonia mara tatu kabla ya nesi mmoja kuniuliza swali rahisi: "Hebu nionyeshe unamlishaje." Uji ulikuwa unaingia mapafuni.

Jaribu mwenyewe kumeza maji ukiwa umetazama dari. Ndiyo hali yake.

Aketi, kichwa katikati, kidevu kimeshuka kidogo. Wewe kaa mbele, macho yako yalingane na yake au yawe chini kidogo. Ukisimama atainua kichwa kukutazama na koo litafunguka vibaya. Kijiko kije kutokea mbele, kwa chini, nusu tu, kibonyeze kidogo ulimi, kitoke sawasawa. Usikwangulie chakula kwenye meno ya juu. Ngoja ameze, mara nyingine humeza mara mbili, ndipo ulete kingine. Akiking'ata, usikivute, tulia, ataachia.

Chakula kiwe laini na kizito kiasi, kisichomwagika ukigeuza kijiko: uji mzito, viazi vilivyopondwa kwa maziwa, ugali mlaini na mchuzi, ndizi. Maji matupu na chai ndivyo vinavyopalia zaidi kwa wengi, kwa sababu vinakimbia kuliko koo linavyowahi. Sangara asiye na mifupa aliyepondwa ni mzuri. Dagaa watwange wawe unga, uchekeche, uchanganye kwenye uji. Kijiko cha mafuta ya alizeti au karanga zilizosagwa laini kabisa huongeza nguvu bila kuongeza wingi, maana watoto hawa huchoka kabla hawajashiba. Milo midogo mitano ni bora kuliko miwili mikubwa, na mlo usizidi nusu saa. Baada ya kula abaki ameketi dakika 20 hadi 30.

Kumnywesha kwa kiganja huku pua imezibwa, kama wengine tulivyolelewa, kwa mtoto huyu kunaweza kuua. Mwambie bibi kwa adabu, ila mwambie. Kukata kimeo vilevile: hakuponyi kumeza kwa shida, kunaleta damu na maambukizi.

Akikohoa kila mlo, sauti ikiwa na mlio wa maji kooni baada ya kula, au kifua kikibana mara kwa mara, rudi hospitali ukaseme hayohayo.

Hatua ya 8: Msimamishe

Kusimama kunaimarisha mifupa, kunasaidia nyonga kukaa mahali pake na choo kutoka. Kuanzia karibu mwaka mmoja, hata kama hawezi mwenyewe, muulize mtaalamu kuhusu fremu ya kusimamia. Fundi seremala wa mtaani anaitengeneza kwa mbao ukimpa vipimo: ubao wa mbele unaofika kifuani, mikanda kwenye makalio na magoti, meza ndogo. Visigino vikanyage chini. Anza na dakika tano, panda taratibu hadi nusu saa au zaidi, ukimpa cha kuchezea mezani.

Vile vigari vya magurudumu vya kumtumbukiza mtoto asukume kwa vidole, usinunue. Vinamfundisha kutembelea ncha za vidole, na kwenye ngazi za mawe za Mabatini au Kitangiri vinaporomoka naye.

Na lile swali la "atatembea?" Wataalamu huangalia kukaa. Mtoto anayeweza kuketi peke yake, bila kushikwa, kufikia miaka miwili, ana nafasi nzuri ya kutembea, pengine kwa fimbo au kiegemeo. Anayechelewa zaidi ya hapo nafasi hupungua. Wangu hakuketi mpaka miaka mitano. Hatembei. Anakula mwenyewe kwa kijiko nilichokizungushia mpira wa tairi la baiskeli ili mpini unenepe, na anajua kudai mchuzi.

Hatua ya 9: Mwulize, halafu ngoja

Kutokusema si kutokuelewa. Shika vitu viwili, kikombe na boya, uulize anataka kipi. Halafu nyamaza, hesabu mpaka kumi moyoni. Jibu linaweza kuwa jicho tu. Alichokitazama mpe hapo hapo, hata kama ulidhani amekosea. Siku nyingine mfundishe ndiyo na hapana: kutazama juu, kutoa ulimi, chochote anachoweza kukirudia. Waambie wote nyumbani alama ni ipi.

Hatua hizi usizipangie saa zake. Kunyoosha kufanyike anapobadilishwa nguo, tumbo kabla ya kuoga, kuketi wakati wenzake wanakula, kuchagua wakati wa kuvaa.

Yakikwama

*Analia kila mazoezi yakianza.* Angalia kama ana njaa, choo kigumu, au jino. Punguza, anza na mchezo. Kilio cha uchovu unakijua. Kilio cha maumivu kinaendelea hata ukiacha: kapimwe, hasa nyonga.

*Ghafla amekaza kuliko kawaida.* Mara nyingi ni homa, malaria, haja kubwa iliyokwama au mkojo unaochoma. Pima kabla ya kulaumu mazoezi. Mwenye homa hanyooshwi.

*Degedege katikati ya mazoezi.* Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usitie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika 5, au ikirudia kabla hajazinduka, hospitali. Dawa za kifafa usizikatize kwa kuwa "amepata nafuu."

*Choo baada ya siku nne au tano.* Maji kidogokidogo yaliyoongezwa uzito kwa uji, papai, mboga za majani zilizopondwa, kusimama zaidi. Isipotosha, mwone daktari.

*Baba yake hataki, anasema ni laana.* Sijawahi kushinda kwa mabishano. Nilimwachia kazi moja tu, ya kutengeneza meza ya kiti. Baada ya hapo alikuwa wa kwanza kugundua kiti kimekuwa kidogo.

*Miezi mitatu, sioni tofauti.* Fungua daftari la hatua ya 1. Mlo uliochukua saa nzima sasa unachukua muda gani? Kama kweli hakuna kilichosogea, nenda nalo kwa mtaalamu, abadilishe mpango.

*Amekuwa mzito, mgongo wangu umekwisha.* Usimwinue kutoka chini kwa kuinama. Piga goti moja, mlete akae, mkumbatie kifua kwa kifua, nyonga zake zikiwa zimekunjwa, ndipo usimame kwa nguvu ya mapaja. Akizidi nusu ya uzito wako, muinueni wawili. Kiti cha magurudumu omba apimwe kwanza, maana cha msaada kilicho kikubwa kupita kiasi kinampinda uti wa mgongo. Na kama nyumba iko mlimani juu, ambako hakuna kiti kinachopita, tafuta vijana wawili wa jirani mkubaliane nao mapema kuhusu siku za kliniki, kabla siku yenyewe haijafika na mvua.